Pwani ya Bara: Kandokando ya Maziwa ya Nakuru

Mtu wa pwani ana kiburi kimoja ambacho siwezi kumlaumu nacho. Huamini ya kwamba Mwenyezi Mungu alipoumba fukwe alizimaliza zote upande wake, akawaachia watu wa bara vumbi na baridi. Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, ni mzaliwa wa Mombasa, naye alikuwa akinitania kwa jambo hilo kila nilipomtembelea. Tukiketi mchangani jioni, huniambia, "Vuta pumzi, shemeji, kwenu hamna upepo huu." Basi mwezi wa Desemba 2021 alipata likizo, akanipasha habari kwamba angependa kuja Nakuru kwa siku nne. Nami nikamjibu, "Karibu sana. Nitakuonyesha pwani yetu." Alicheka mno, lakini alikuja.

Naziandika habari za safari hiyo kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wetu tufanyao kazi katika maofisi na mashamba ya Bonde la Ufa hupita kila siku kando ya mambo ambayo wageni huvuka bahari kuja kuyatazama, nasi hatujayatazama hata mara moja. Pili, katika matembezi hayo niliona msiba mmoja, na sidhani kuwa ni vema kulisifu ziwa kwa uzuri wake bila kueleza pia lililowatendea jirani zake.

MJI WA VUMBI

Nakuru iko umbali wa kilomita kama 160 kutoka Nairobi, katikati ya mlima wa Menengai ulio upande wa kaskazini na ziwa lililo upande wa kusini. Reli ilifika hapa 1900, maduka na nyumba zikaanza kujengwa karibu na stesheni, na tangu hapo mji haukuacha kukua. Wazee husema jina lake latokana na neno la Kimasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Hawakukosea, maana kila ziwa lilipopungua, upepo wa mchana uliokota vumbi jeupe la magadi, ukalipeleka mpaka madirishani mwa watu. Katikati ya miaka ya 1990 ziwa lilikauka karibu lote, na walioishi hapa wakati huo wakumbuka jinsi nguo zilivyoanuliwa zikiwa chafu kuliko zilivyoanikwa.

Shemeji alifika majuma machache baada ya tarehe 1 Desemba 2021, siku ambayo Rais Uhuru Kenyatta aliukabidhi mji huu hati ya kuwa jiji, la nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Mabango ya sherehe yalikuwa bado yaning'inia barabarani, nami nikamwonyesha kwa majivuno. Akasema, "Hongereni. Jiji mnalo. Bado pwani."

MENENGAI

Siku ya kwanza nilimpeleka Menengai, maana mtu akitaka kuijua nyumba hana budi kuitazama kwanza kutoka juu. Tulipanda gari mpaka miguuni pa mlima, kisha tukaenda kwa miguu kupitia katika miti. Ukingo wa mlima huo wafikia mita 2,278 juu ya usawa wa bahari, na mtu wa Mombasa apandapo huko husimama mara kwa mara akijifanya kwamba atazama maua.

Tulipofika ukingoni, maneno yalimwishia. Menengai si mlima wenye kilele. Ni mlima uliozama katikati yake. Zamani sana moto wa chini ya ardhi ulipokwisha kutapika, paa la mlima likaporomoka, likaacha shimo lenye upana wa kilomita kama 12 kwa 8, na kina chake ni karibu nusu kilomita. Chini kabisa kuna mawe meusi yaliyoganda na vichaka vilivyoota katikati yake, na hapa na pale moshi mweupe wapanda. Si moshi wa makaa bali ni mvuke. Tangu 2011 mafundi wamekuwa wakitoboa ardhi huko wapate mvuke wa kuzungushia mitambo ya umeme, na mtambo wa kwanza, wenye nguvu ya megawati 35, ulianza kazi 2023.

Watu hulieleza jina la Menengai kwamba ni mahali pa wafu. Husimuliwa kuwa katika vita vya Wamasai vya karne ya kumi na tisa, mashujaa wa Laikipia walishindwa hapa, wakasukumwa wakaanguka shimoni. Hata leo wako watu waendao kufunga na kuomba katika mapango ya huko siku nyingi. Mimi niliyelelewa katika shule ya misheni sikuzoea ibada ya mapangoni, lakini nilipokuwa nimesimama pale katika kimya kile sikuona ajabu kwamba mtu apige magoti.

Upande wa pili, mji wote ulikuwa chini yetu, na baada ya mji, ziwa, likimetameta kama bati jipya. Shemeji akalitazama kwa muda, kisha akaniuliza, "Mbona lipo karibu na nyumba namna ile?" Nikamwambia kwamba tutakwenda kuona.

UFUKO WA KALE

Siku ya pili tulikwenda Hyrax Hill, kilima kidogo kilicho kando ya barabara iendayo Nairobi. Maelfu ya watu hupita hapo ndani ya mabasi bila kugeuza shingo. Bibi Mary Leakey alichimba mahali hapo 1937 na 1938, akafukua makaburi na vyombo vya watu wa kale, na 1965 pakafunguliwa kuwa makumbusho. Twaweza kuona huko misingi ya mawe na mashimo ambamo watu wa kale walifungia ng'ombe wao, muda mrefu kabla ya reli wala hati.

Jambo lililomgusa shemeji lilikuwa mawe mawili. La kwanza ni mwamba uliochongwa vishimo kwa mistari. Alipouona alichuchumaa mara moja, akaita, "Bao! Nani amewafundisha bao?" Akaokota vijiwe akaanza kupanga, nami nikafungwa vibaya mbele ya kijana mtembezaji wa wageni. Hakuna ajuaye majina ya waliocheza hapo kwanza, ila ni dhahiri kwamba walipenda kuketi kivulini na kutazama ng'ombe zao kama watu wa sasa.

La pili lilikuwa jiwe tu la kawaida, lakini kijana alitwambia tulitazame mahali lilipo. Wataalamu wamethibitisha ya kuwa maelfu ya miaka iliyopita, katika zama za mvua nyingi, maziwa ya Nakuru na Elmenteita yalikuwa ziwa moja kubwa lenye kina kirefu, na mawimbi yake yalipiga kando ya kilima hiki kikawa kama rasi iliyoingia majini. Alama za ufuko ule zaonekana hata leo. Kutoka hapo mpaka maji ya sasa ni mwendo wa kilomita kadhaa, na katikati yake wamejaa watu, maduka, makanisa, misikiti na shule.

Nikamwambia shemeji, "Je, sikukuahidi pwani? Umesimama juu yake." Hakucheka nilivyotazamia. Alisema, "Kwetu, nyumba haijengwi mahali ambapo bahari imewahi kufika. Bahari hukumbuka."

HATI NI NZIMA

Siku ya tatu ilikuwa Jumapili. Baada ya ibada tulikwenda kumwamkia Baba Mdogo, ndugu wa marehemu baba yangu, aliyekuwa na shamba la nusu eka upande wa Mwariki. Alilinunua kwa fedha za kiinua mgongo, akajenga nyumba ya mabati, akapanda mahindi, sukumawiki na miti ya matunda. Wakati huo ziwa lilikuwa mbali, nyuma ya ua wa hifadhi ya wanyama, na hapana aliyelifikiri.

Tangu 2010 maji yalianza kupanda. Kwanza polepole, hata watu wakadhani ni mvua ya mwaka mmoja itakayokwisha. Hayakurudi. Ziwa ambalo zamani lilikuwa na eneo la kilomita za mraba kama 40 likapita 60. Mwaka wa 2020 maji yaliingia katika mashamba na nyumba za watu wengi upande huo, yakajaza vyoo na visima, na viboko wakaanza kulisha usiku mahali watoto walipokuwa wakicheza mchana.

Tulimkuta Baba Mdogo ameketi juu ya kigoda ukingoni mwa maji. Amepanga chumba kimoja huko juu, lakini kila siku hushuka. Mbele yake, kama hatua sitini ndani ya ziwa, lilionekana paa la nyumba yake, na kando yake miparachichi miwili iliyokauka, ndege wamesimama juu ya matawi.

Shemeji akamwamkia kwa desturi ya kwao, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiwe mgeni wa pwani? Basi tazama, nasi tumepata."

Kisha akatoa katika mfuko wa koti lake bahasha ya nailoni, na ndani yake hati ya shamba, imekunjwa vizuri. Akanipa mimi. "Wewe ni karani, mwanangu, umesoma kuliko sisi sote. Hati hii ni nzima, haina hata tone la maji. Isome uniambie ni mahali gani pameandikwa ziwa."

Niliisoma yote. Palikuwa na namba ya kiwanja, na ukubwa wake, na jina la Baba Mdogo, na muhuri. Ziwa halikuandikwa. Wasomaji, nimekaa ofisini miaka mingi; nimepiga mihuri na kupanga mafaili ambayo siwezi kuyahesabu, nami nilikuwa nikiamini ya kuwa jambo likiisha kuandikwa vizuri limekwisha kutengenezwa. Siku ile nilirudisha hati katika bahasha bila neno. Mji umepewa hati yake kwa sherehe na ngoma. Mzee wangu naye anayo yake, ila shamba lililotajwa ndani yake laogelewa na ndege.

Watoto wake wamemsihi aache kushuka ziwani, aende kuishi kwao. Hakubali. Kila Jumapili huchomeka kijiti pale maji yaishiapo, na Jumapili ifuatayo huja kupima kwa hatua. Siku ile maji yalikuwa yamesimama penye kijiti, hayakuongezeka wala hayakupungua. Alisema, "Leo limepumzika. Hata ziwa lina Jumapili yake." Shemeji, ambaye hakosi neno la mzaha, alikaa kimya, akamsaidia kuchomeka kijiti kipya.

KWA NINI MAJI YAPANDA

Watu husema mengi juu ya jambo hili. Wengine hudhani ardhi imepasuka chini, wengine husema ni adhabu. Ripoti ya serikali iliyotolewa 2021 ilieleza kwamba sababu kubwa ni kuongezeka kwa mvua katika nyanda za juu ziyalishazo maziwa haya, na kwamba uharibifu wa ardhi umeongeza tatizo. Si Nakuru tu. Naivasha, Bogoria na Baringo nayo yalipanda, na ripoti hiyo ilihesabu jamaa zaidi ya 75,000 katika kaunti 13 walioathiriwa.

Ziwa Nakuru ni kama bakuli. Mito ya Njoro, Makalia na Nderit yaingia, lakini hapana mto utokao. Maji hupungua kwa jua tu. Mto Njoro watoka katika msitu wa Mau ya Mashariki. Msitu ulipokuwa mzima, mvua ilinyonywa na majani na mizizi, ikatolewa kidogo kidogo mwaka mzima. Miaka mingi miti ilikatwa, na 2001 serikali iliondoa sehemu kubwa ya msitu huo katika hifadhi ili pawe makazi na mashamba. Sasa mvua ikinyesha, maji hushuka kwa mbio pamoja na udongo wetu mwekundu, nao udongo hulala chini ya ziwa, na bakuli likijaa tope, maji hayana pa kukaa ila kupanda kando. Basi mkulima wa Njoro na mzee wa Mwariki, ambao labda hawatajuana kamwe, wameunganishwa na mto mmoja.

NDEGE NA WANYAMA

Mchana huo tuliingia katika Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa 1968. Raia hulipa ada iliyo nafuu kuliko ya wageni wa nchi za nje, ila yapasa kwenda na kitambulisho. Jambo la kwanza lionekanalo ni migunga iliyokufa imesimama majini kama milingoti ya majahazi. Lango la zamani na nyumba za ofisi zilizokuwa karibu nalo zilifunikwa na maji, zikajengwa nyingine mahali pa juu.

Vifaru weusi na weupe wapo, wakilindwa kwa ua wa umeme tangu miaka ya 1980. Wapo twiga ambao wazazi wao waliletwa miaka ya 1970 kutoka upande wa Soy, karibu na Eldoret. Na nyati, na pundamilia, na simba kwa mwenye bahati. Kusini kuna maporomoko ya Makalia, na upande wa magharibi kuna jabali la nyani, ambapo mtu huliona ziwa lote, akichunga chakula chake kisinyakuliwe.

Lakini shemeji alitaka heroe, wale ndege wa rangi ya waridi waliolifanya ziwa hili lijulikane dunia nzima. Zamani walifika hata kupita milioni moja, ufuko wote ukawa kama umetandikwa kanga. Siku ile tuliona wachache tu. Sababu ni chakula. Heroe mdogo hula mwani mwembamba sana uotao katika maji ya magadi makali. Huinamisha kichwa juu chini na kuuchuja kwa mdomo wake. Maji mengi ya mvua yalipoingia, magadi yalizimuliwa kama chai iliyoongezwa maji, mwani ukapungua, ndege wakahama. Waliobaki kwa wingi ni wari, walao samaki. Nao samaki hawakuwamo zamani. Katika miaka ya 1950 na 1960 waliletwa samaki wadogo kutoka Ziwa Magadi ili wale viluwiluwi vya mbu, na wari wakafuata samaki. Wengi wa wari hao huzaa katika visiwa vya mawe vya Ziwa Elmenteita, kisha huruka kuja Nakuru kutafuta chakula, kama makarani waishio mbali na ofisi.

BOGORIA

Siku ya nne, ili mgeni asirudi bila kuwaona heroe, tulikwenda Ziwa Bogoria kwa barabara ya Marigat. Karibu na Mogotio pana alama ya mstari wa Ikweta, na toka hapo joto huongezeka na miti huwa ya miiba. Ziwa hili zamani liliitwa Hannington, kwa jina la Askofu James Hannington aliyepita hapa 1885, mwaka ule ule alipouawa akiwa njiani kwenda Buganda.

Hapo ndipo shemeji alipoivua kofia yake. Chini ya ukuta wa milima, ukingo wote wa ziwa ulikuwa wa waridi, na sauti ya ndege ilikuwa kama soko lisikiwalo kutoka mbali. Kandokando, maji ya moto yachemka kutoka ardhini, na wageni hupenda kuchemsha mayai ndani yake, ijapokuwa chemchemi nyingine zimezama ziwa lilipopanda. Yafaa kusimama mbali, maana ukingo waweza kubomoka. Mwaka wa 2011 maziwa matatu, Bogoria, Nakuru na Elmenteita, yaliandikwa pamoja na Shirika la UNESCO kuwa urithi wa dunia, nasi tulioketi pale tukila mayai tuliona haki yake.

Kaskazini zaidi kuna Ziwa Baringo, lenye maji yasiyo ya magadi. Huko twiga tisa walizingirwa na maji katika kisiwa cha Longicharo, wakavushwa mmoja mmoja juu ya chombo, kazi iliyomalizika Aprili 2021. Shemeji aliposikia hayo alisema kwamba amewahi kuona mbuzi, ng'ombe na hata motokaa juu ya jahazi, lakini twiga bado.

MGENI NJOO, MWENYEJI APONE

Kesho yake nilimsindikiza kituoni. Akaniambia, "Shemeji, sitawatania tena. Pwani mnayo. Lakini yenu haina kupwa, ina kujaa tu. Mwambie mzee anipe habari za kijiti."

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kama shemeji asingalikuja, mimi ningekaa Nakuru mpaka siku ya kustaafu bila kukiona kilima cha Hyrax. Nawashauri ninyi mnaosoma, mkipata siku ya mapumziko, wachukueni watoto wenu Menengai, mkienda wengi pamoja. Wapelekeni Hyrax Hill na ziwani. Gharama yake si kubwa kama ya arusi moja ya jirani.

Tena nawasihi wakulima mlio juu ya mito: acheni ukanda wa miti na nyasi kandokando ya maji, msilime mpaka ukingoni, fanyeni matuta katika miteremko. Nanyi mnaotaka kununua viwanja karibu na ziwa lolote, kabla ya kutazama hati, waulizeni wazee maji yaliwahi kufika wapi, kisha katazameni mawe yenyewe. Karatasi huandikwa na sisi makarani, nasi hatukuwapo ziwa lilipopima mipaka yake.

Baba Mdogo angali akishuka kila Jumapili. Mwezi wa Februari 2022 maji yaliacha kijiti kwa hatua mbili, naye alinipigia simu usiku kunieleza, kwa sauti ya mtu aliyepata mtoto. Nikampasha shemeji habari hiyo. Akajibu, "Hatua mbili ni mbili. Mwambie achomeke kingine."